Pale Maji Yanapoishia

Jumanne, tarehe kumi na tano Aprili. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikakatika saa moja asubuhi, ikaacha wingu zito limekaa juu ya mabati kama mgeni aliyesahau kilichomleta. Kijito kilikuwa kimefura. Kilikuwa kimelimeza jiwe la kufulia, kimelaza majani yote ya ukingoni, na maji yake ya rangi ya udongo yalikuwa yakitambaa kidogo kidogo kwenye uwanda, yakielekea bustanini.

Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Miche alisimama miguu mitupu kwenye tope, ameshika ncha ya utepe wa kupimia kwa mikono miwili. Utepe ulikuwa wa njano, wa mita thelathini. Ncha ya pili aliishika Afisa wa shirika, aliyevaa buti za mpira zilizomfika magotini na fulana yenye picha ya jani kifuani. Nyuma ya Afisa alisimama mtu wa vigingi na nyundo yake, anasubiri kuambiwa agonge wapi.

"Mama, ncha yako iko wapi?" Afisa alipaza sauti.

"Iko hapa, mwanangu. Kwenye maji."

"Pale maji yanapoishia?"

"Pale pale."

"Usije ukaniharibia. Hii ni kazi ya ramani."

"Nikuharibie nipate nini?"

Kicheko kikalipuka upande wa pili wa ua wa miti. Alikuwa jirani yake wa upande wa chini, Mama Kicheko, ambaye jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Alikuwa amejifunika gunia kichwani, na mikono yake ilikuwa imejaa mchicha aliokuwa akiuvuna upesi upesi kabla wapimaji hawajamfikia.

"Dada!" akaita kwa sauti ya chini ambayo hata vyura waliisikia. "Jiwe si unalijua lilipo? Ingia. Maji hayafiki hata magotini. Simama juu ya jiwe ushike utepe wako."

"Ameniambia pale maji yanapoishia."

"Amekuambia hivyo kwa sababu yeye kavaa buti! Ingia, nakwambia. Maji haya yatakuwa yamekwenda zake kesho."

Mama Miche hakugeuka. Midomo yake ilikuwa inacheza. Waliomjua walijua anasali. Alisali akichota maji, alisali akimgeuza mumewe kitandani, alisali akipanda mbegu, moja moja, kila mbegu na ombi lake.

Sheria ya mradi ilikuwa fupi na kila mtu aliisikia mkutanoni: kutoka ukingo wa maji, mita thelathini ni ukanda wa hifadhi. Hapo jembe haliingii. Patapandwa miti, kijito kipone, na shirika, ambalo linafanya kazi kanda nzima, litaweka bango. Siku ile ya mkutano Mama Miche ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali. Ingekuwaje asikubali? Miaka mitatu alikuwa akijitolea kwenye kitalu cha shirika, akijaza udongo kwenye viriba, akimwagilia miche, akiikinga jua kwa makuti kama mtu anayewafunika watoto wake. Tena alikuwa ameshapima kwa hatua zake. Kutoka jiwe la kufulia, hatua thelathini ndefu ziliishia kwenye tuta lake la kwanza. Alikuwa na matuta kumi na moja. Tuta moja katika kumi na moja. Hata fungu la kumi halikufika. Alimshukuru Mungu kwa kumtaka atoe kidogo tu.

Maji yakamgusa vidole vya miguu.

Akarudi nyuma hatua moja, kwa sababu maji sasa yaliishia pale. Utepe ukalegea. Afisa naye akarudi nyuma kuuvuta ukaze, akapita juu ya tuta la vitunguu.

"Vizuri, mama. Shikilia hapo hapo."

Maji yakamgusa tena. Akarudi hatua nyingine. Na nyingine. Mama Kicheko aliacha kuvuna, akashika kiuno, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akakosa cha kucheka.

"Wewe mwanamke," akasema, "unajikata mguu mwenyewe."

Nyundo ikalia. Kigingi kiliingia kati ya tuta la nane na la tisa.

Mama Miche aliinua macho, akakitazama. Akahesabu matuta kwa kidole, kutoka kwenye maji kwenda juu, kisha kutoka ukuta wa jiko lake kurudi chini. Pande zote mbili hesabu ilimpa jibu lile lile. Nane ng'ambo ya kigingi. Matatu upande wake.

"Mwanangu," akaanza.

Lakini Afisa alikuwa ameshafika na karatasi yake kwenye ubao, ameikinga kwa mfuko wa nailoni. "Mwenye eneo anaweka sahihi hapa. Au dole gumba, wino ninao."

Hapo ndipo hesabu ilipomteleza. Miaka miwili alikuwa akienda darasa la jioni, baada ya kumlisha mumewe, na hakuwahi kuombwa sahihi na mtu yeyote nje ya darasa lile. Akaifuta mikono yake kwenye kanga, mbele na nyuma. Akaichukua kalamu. Akaandika polepole, na jina lake likakaa juu ya mstari, herufi zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara.

"Hongera sana, mama!" Afisa alisema, na alisema kwa moyo. "Wengi hapa wananichovyea kidole tu."

Mama Miche alitabasamu. Alisahau matuta yake kwa muda unaotosha mtu kuvuta pumzi mara mbili. Baadaye alipoukumbuka muda ule, aliuonea aibu kuliko jambo lolote.

*

Mumewe alikuwa fundi wa kujenga nyumba mpaka jukwaa lilipovunjika chini yake. Tangu siku hiyo alilala karibu na dirisha, kutoka kiunoni kushuka chini hana habari na mwili wake, kutoka kiunoni kupanda juu ana habari za mtaa mzima. Bado waliendelea kumwita Fundi. Aliisikia nyundo, akahesabu mapigo.

"Mapigo sita," alimwambia mkewe alipoingia. "Nimesikia sita. Kigingi kimeingia kwenye udongo laini. Huko si majanini. Wamegonga wapi?"

"Chini ya tuta la tisa."

Mboga ndizo zilizowalisha. Kila asubuhi kikapu kilikwenda kwa mwenye duka, jioni unga ulirudi, na siku za bahati mafuta pia. Mambo yao yote ya nyumbani yalipita kwenye matuta yale kumi na moja, pamoja na sabuni ya kufulia mashuka yake.

"Ulisimama wapi?"

"Pale maji yalipoishia. Ndivyo alivyosema."

"Na upande wa pili wa utepe alishika nani? Mungu wako?"

"Usimtie Mungu humu."

"Simtii. Nauliza tu alikuwa upande gani." Akacheka kidogo, kicheko kikamgeukia kikohozi. Alipopata pumzi alisema kwa upole, kama anavyomfundisha mtu kazi: "Mke wangu, mimi nimepima viwanja miaka ishirini. Kipimo hakianzii pale unapoambiwa. Kinaanzia kwenye kitu ambacho kesho utakikuta. Jiwe, kona ya nyumba, mti. Nani anapima kuanzia kwenye maji?"

"Sikutaka kusema uongo."

"Kusimama juu ya jiwe ni uongo?"

Alimgeuza upande, akamkanda mgongo, akamfunika. Jumatano maji yalishuka. Alhamisi jiwe la kufulia lilikuwa juu ya ardhi, jeupe, kavu, na Mama Kicheko alikuwa amekaa juu yake anafua huku anaimba. Kutoka ukingo wa maji wa siku ile mpaka kigingi, Mama Miche alihesabu hatua arobaini na moja.

*

Ofisi ya mradi ilikuwa chumba kimoja chenye feni, meza mbili, na maboksi ya fulana yaliyopangwa mpaka dirishani. Ukutani kulikuwa na ramani mpya. Kijito kilichorwa kwa buluu, kinene kama mkono wa mtu. Nyuma ya meza alikuwa Afisa, na kwenye kiti cha wageni, amenyoosha miguu, alikuwa Mwenyekiti wa kamati ya kijito, mwenye uwanja wa matofali ng'ambo ya pili ya maji.

"Karibu, Mama Miche," alisema Mwenyekiti bila kukunja miguu. "Mama yetu wa mazingira. Tunakuombea kila siku."

"Asante, mzee. Nimekuja kuomba nipimiwe upya."

Afisa aliweka kalamu chini. "Upya vipi, mama?"

"Siku ile maji yalikuwa yamejaa. Sasa yamerudi mahali pake. Mkipima leo, kigingi kitakuja kwenye tuta la kwanza. Hilo moja nalitoa. Nilishalitoa siku ya mkutano."

"Lakini ramani imeshakwenda."

"Imekwenda wapi?"

"Juu."

Mama Miche alitazama ramani ya ukutani. "Hii je?"

"Hiyo ni nakala."

"Na upande wa ng'ambo, mwanangu? Matofali ya mzee hapa yako karibu na maji kuliko mboga zangu. Mbona sioni kigingi?"

Mwenyekiti alicheka, kicheko cha mtu aliyeshiba. "Kipo, mama, kipo. Kimeangukia kwenye majani, kabla kidogo ya kufika matofali."

"Upande ule ulipimwa mwezi wa pili," alisema Afisa, macho yake yakiwa kwenye karatasi.

"Mwezi wa pili kijito kilikuwa uzi."

"Ratiba ni ratiba, mama."

"Ratiba aliipanga nani?"

"Kamati," alisema Mwenyekiti. "Mimi peke yangu ni nani?"

"Wewe ndiye mwenyekiti wake."

Feni ilizunguka. Mwenyekiti aliikunja miguu yake sasa, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mama Miche. Wewe ni mtu wa sala, na sisi wote tunakuheshimu kwa hilo. Hebu tuulizane. Utepe alishika nani?"

"Mimi."

"Kuna mtu alikusukuma urudi nyuma?"

"Hapana."

"Afisa, hebu mwonyeshe mama sahihi yake."

Afisa hakutaka, ilionekana usoni mwake kwamba hakutaka. Lakini alivuta droo. Lile jina lilikuwa pale, herufi zimeshikana mikono, na mkiani mwa herufi ya mwisho mchirizi mdogo ambao siku ile aliuona kama pambo.

"Tena imeandikwa vizuri," alisema Mwenyekiti. "Mtu aliyechovya kidole angeweza kusema hakujua. Wewe umesoma."

Mama Miche akaomba, basi, muda. Vitunguu vilihitaji wiki sita. Karoti wiki nne. Avune tu, halafu waje na miti yao. Afisa akasema uzinduzi ni Jumamosi ya tarehe kumi Mei na wageni wameshakata tiketi. Akaomba tena kitu kidogo zaidi: yale matuta matatu ya juu, yabaki, yasiguswe. Hapo Afisa alikuna shingo.

"Kuna njia ya wageni, mama. Kwenye mchoro inapita hapo. Watu wa mbali hawawezi kupita kwenye tope."

"Inapita juu ya matuta yangu matatu?"

"Inaweza kuzunguka nyuma ya jiko lako. Inawezekana." Alimtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akatazama dari. "Sikiliza. Siku ya uzinduzi tunataka mwanajamii asome ahadi. Wageni wangefurahi sana kumsikia mtu kama wewe. Mtu mzima, darasa la jioni, miaka mitatu kwenye kitalu. Soma vizuri, mama. Ukisoma vizuri, ya njia tutaiangalia."

Akampa karatasi moja, na fulana kutoka kwenye boksi. Fulana ilikuwa kubwa. Zilizobaki zote zilikuwa kubwa.

*

Darasa la jioni lilikuwa na wanafunzi tisa na kitabu kimoja. Mwalimu alimpa Mama Miche nafasi ya kusoma ahadi mbele ya wenzake kila siku kwa wiki mbili.

"Na-a-hi-di. Naahidi. Ku-i-li-nda. Kuilinda."

"Umesoma nini sasa?" Mwalimu aliuliza.

Mama Miche alirudi nyuma kwa kidole, akaitafuta maana kama mtu anayerudi sokoni kutafuta alichoangusha. "Naahidi kuilinda miti hii."

"Vizuri. Lakini unasoma kwa mdomo, mama. Mdomo umeshafika, kichwa bado kiko njiani na mkongojo."

Darasa likacheka, naye akacheka. Ilikuwa kweli. Sauti ilikuja kwanza. Maana ilifika baadaye, inahema. Kwa hiyo aliisoma karatasi ile mara mia, mpaka mdomo na kichwa vikafika pamoja, mpaka angeweza kuisema akiwa amefumba macho. Miti nitailinda. Jembe halitavuka vigingi. Sitamruhusu mtu yeyote kulima, kulisha wala kukata ndani ya ukanda wa hifadhi.

"Mwalimu," aliuliza siku moja wenzake walipokwisha kuondoka. "Hapa wanaposema mtu yeyote. Na mimi nimo?"

Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Aliendelea kufuta mahali palipokuwa safi.

"Wewe ndiye wa kwanza, mama."

*

Alhamisi kabla ya uzinduzi walikuja watu wawili wenye majembe. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja alimwamkia, akamwomba maji ya kunywa, akanywa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Kisha wakaanza na tuta la kwanza.

Vitunguu vilitoka ardhini vikiwa vidogo kama gololi. Karoti zilikuwa nyembamba kuliko kidole, na zilikatika. Mchicha na spinachi, vilivyokuwa vimekomaa, waliambiwa wavitenge, wavifunge mafungu, visikanyagwe. Mama Miche alifikiri vinatengwa kwa ajili yake, akaenda kuleta kikapu. Aliporudi vilikuwa vimepakiwa kwenye gari la shirika.

Kisha ikashushwa miche. Aliitambua kabla haijafika chini. Miche ya mkono wake alikuwa akiifunga uzi mwekundu kwenye kiriba, ili aijue wakati wa kumwagilia, na karibu yote ilikuwa na uzi mwekundu. Alisimama akatazama watoto wake wakishushwa kwenye mashimo, mmoja baada ya mwingine, mahali vitunguu vilipotoka.

Mama Kicheko alikuja kusimama kando yake. Wote wawili waliitazama miche.

"Ungeingia kwenye maji," alisema mwishowe.

"Ningekuwa nimesema uongo."

"Haya. Sasa umesema ukweli. Tuutie chumvi tule?"

Mama Miche aliinama akaokota kitunguu kimoja kilichosahaulika. Mwenzake akamgusa bega, akamvuta kidogo, kwa namna ya watu waliochota maji pamoja miaka mingi.

"Usinune, dada, nakutania kwa uchungu. Mimi nina watoto watano na matuta saba, sina mume hata wa kulala dirishani kama wako. Kwangu wamesema ni awamu ya pili ya upimaji; ikija, nitasimama juu ya lile jiwe nijifanye kiziwi. Waniite mpaka wakauke makoo. Ninachoomba ni kimoja tu, asiletwe mtu mkweli kunishikia utepe." Akacheka, na safari hii kicheko kilikuwa chake kamili, kikaruka mpaka ng'ambo, kwenye matofali.

*

Jumamosi, tarehe kumi Mei, jua lilitoka mapema na halikuwa na mzaha. Mvua zilikuwa zimekatika wiki nzima. Kijito kilirudi kwenye mfereji wake, kikawa chembamba, kinapita chini ya jiwe la kufulia bila kulilowesha. Turubai lilifungwa juu ya viti hamsini. Spika ya kipaza sauti ilining'inizwa kwenye nguzo, mdomo wake umeelekea nyumba ya Mama Miche, kwa hiyo Fundi kitandani kwake alikuwa kama amekaa mstari wa mbele.

Mezani, mbele ya wageni, kulikuwa na mafungu ya mchicha na spinachi, yamenyunyiziwa maji yang'ae. Kikaratasi kilisimamishwa katikati. Mama Miche alikisoma kwa mdomo, akasubiri kichwa kifike. *Mazao ya bustani ya jamii.* Fungu la kwanza upande wa kushoto lilikuwa limefungwa kwa jani kavu la mgomba, kwa fundo la mtu wa mkono wa kushoto. Aliyefunga vile mtaani pale alikuwa mmoja tu. Lile alilifunga mwenyewe Jumatano, la mwenye duka, akaliacha kivulini kwenye tuta la pili.

Mwenyekiti alihutubia. Alisema jamii imejitolea ardhi yake kwa moyo mkunjufu. Alisema kijito hiki ni cha watoto wetu. Nyuma yake, ng'ambo, moshi wa tanuri la matofali ulipanda moja kwa moja, maana upepo haukuwepo. Wageni wakapiga makofi, mmoja akafuta jasho kwa kofia yenye picha ya jani.

Kwenye tuta la tisa, mtu wa vigingi alikuwa amechuchumaa. Pembeni yake kulikuwa na kamba, fungu la vigingi vipya vya njia ya wageni, na nyundo. Alikuwa anamtazama Afisa.

"Sasa tumsikie mama yetu," alisema Afisa kwenye kipaza sauti. "Ambaye miaka miwili iliyopita hakujua herufi hata moja!"

Makofi. Mama Miche akasimama ndani ya fulana ile kubwa. Chini ya miguu yake, kati ya miche, bado aliweza kuhisi mgongo wa tuta la tano. Akasali kwa ufupi. Akasoma.

Alisoma vizuri. Hata Mwalimu, aliyesimama nyuma kabisa, hakujua kama angeweza kusoma vizuri vile. Alisoma bila kukata maneno, bila kidole, sauti yake ikatoka kwenye nguzo ikaenda mpaka dirishani kwa Fundi ikarudi. Miti nitailinda. Jembe halitavuka. Mtu yeyote. Alipomaliza, mgeni mmoja mwanamke alikuwa na machozi. Mama Miche akatazama tuta la tisa. Mtu wa vigingi alikuwa ameinuka nusu, nyundo mkononi.

Afisa akamnong'oneza: "Kipo kipande kingine, mama. Kimeongezwa jana. Kifupi tu." Akamwekea karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, bila kumtazama: "Ni hiki tu. Baada ya hapo ile njia tunaizungusha."

Karatasi hii hakuwahi kuiona. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Na kwa ku-wa," alisoma, "kwa kuwa ni-me-o-ne-ka-na ni mtu mwa-mi-ni-fu."

Makofi. Akayasubiri yaishe, kama alivyofundishwa.

"Na-a-hi-di. Naahidi ku-shi-ka u-te-pe. Kushika utepe wa a-wa-mu ya pi-li."

Kidole kilikwenda, mdomo ukafuata. Kichwa kilikuwa nyuma, njiani, kinakuja.

"I-ta-ka-yo-a-nza mvua zi-ja-zo. Kwa ji-ra-ni. Kwa jirani ya-ngu. Wa u-pa-nde wa chi-ni."

Na hapo kichwa kikafika.

Kidole kikasimama. Mstari wa tatu, kiti cha pembeni, Mama Kicheko alikuwa amevaa fulana ya jani kama wengine wote, mtoto wake mdogo mapajani. Mdomo wake ulikuwa umebaki wazi kidogo, mahali pale ambapo kicheko huanzia. Kipaza sauti kilivuma peke yake. Wageni walitabasamu kumtia moyo. Walidhani amekwama kwenye neno gumu.

Kutoka dirishani, Fundi alikohoa mara moja.

"Malizia, mama," Afisa alinong'ona. Mtu wa vigingi alikuwa amesimama wima sasa, kigingi kimoja kimegusa udongo wa tuta la tisa, nyundo imeinuliwa kifuani. Alikuwa anasubiri tu kuambiwa.

Mama Miche aliinamisha macho kwenye karatasi. Maneno yaliyobaki hayakuwa magumu. Aliyaona yote kwa mara moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake yalifika kichwani kabla hayajafika mdomoni.

"Na kuushika," alisoma, "pale maji yanapoishia, bila kumpendelea mtu, mbele ya mashahidi hawa wote. Naahidi."